Tambuu ya Mwisho Kabla ya Jeddah

Watu wengi wa kwetu wamesomeshwa kwa karafuu. Mimi nimesomeshwa kwa tambuu, na kama masomo yenyewe yalikuwa machache, kosa si la tambuu. Mama mkubwa, dada wa mama yangu mzazi, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kazi yake mjini Unguja ilikuwa kufunga uraibu wa harusi. Asubuhi ananunua majani sokoni, anayapangusa moja moja kwa kitambaa kibichi, anapaka chokaa, anatia popoo na katu, iliki kidogo, tumbaku kwa wanaoitaka, kisha anakunja na kuchoma karafuu ili jani lisifunguke. Harusi ya wenye uwezo anaipambia sinia lake kwa asumini. Vidole vyake viwili vilikuwa vyekundu siku zote. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wana vidole vyekundu.

Shule niliiacha mapema nikashika bisibisi. Nilipofika Riyadh nilianza kwa kubeba viyoyozi mgongoni, ghorofa ya nne bila lifti, katika majengo yale yale ya mtaa wa Malaz ambayo leo nikipita mlinzi ananiinukia. Sasa nina karakana, nina magari ya kazi, na mafundi wangu wananiita mualimu, kama wanavyowaita huku mafundi wakubwa. Mtu aliyekimbia mwalimu wa hesabu, leo anaitwa mualimu! Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Mama mkubwa alipenda kuyasikia. Kila nilipompigia simu nilimhadithia: nimepata kazi ya jengo zima, nimenunua gari jipya, mkubwa fulani kanipa mkono. Yeye anasikiliza huku anatafuna. Halafu kunapita kimya kidogo, nasikia anatema kwenye tasa yake, ndipo anasema kwa sauti safi, "Amin, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie." Bila ya kile kimya nilikuwa najua kuwa habari yangu haikumkolea.

Nilimwahidi kumleta Umra tangu siku ambazo sikuweza hata kumnunulia kanga. Mwaka huo nikaweza. Visa ikatoka, tiketi ikakatwa, na binti wa jirani akamshonea mabaibui mapya. Hapo ndipo ikaja habari ya homa ya kutokwa na damu.

Ilikuwa imezuka bara, ndani kabisa, mahali ambapo mtu wa Unguja akienda atafika amechoka kuliko akija Riyadh. Lakini mwenye hofu haangalii ramani. Simu zikajaa picha za watu waliovaa nguo za plastiki tangu utosini hadi vidoleni, na kila aliyekuwa mweusi akawa ametoka huko jana. Mteja wangu wa siku nyingi, mzee wa Kisaudi hapo hapo Malaz, alikuwa amesimama nyuma yangu nikimfungulia kiyoyozi chake. Vumbi la Riyadh likaniingia puani, nikapiga chafya. Mzee akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Wewe umetoka Afrika lini?"

"Nilitoka kabla mwanao mkubwa hajaota meno," nikamjibu, tena kwa Kiarabu cha Najd, kile chao wenyewe.

Akacheka sana. Lakini alicheka akiwa kule kule mlangoni.

Na sisi wenyewe hatukuwa bora. Riyadh tuna watu wetu wa Unguja na mwambao ambao wazee wao walihamia baada ya mapinduzi ya sitini na nne, na tunakutana kwenye harusi, kwenye matanga, na kwenye kundi la simu. Bibi mmoja wa heshima, anayepika bokoboko ambalo sijaona mfano wake, alituma sauti kwa wote: "Jamani tunapendana, lakini mwenye kupokea mgeni kutoka nyumbani mwezi huu, mgeni wake akae naye mwenyewe." Kila mtu akaitikia kwa alama ya dua. Nikajua mgeni anayesemwa ni wangu.

Kwetu mgeni akifika kutoka nyumbani nyumba haifungwi. Wanakuja watu kumpa mkono, kumbusu, kumuuliza nani kazaliwa na nani kafa, na kuonja alichokuja nacho hata kama ni visheti vilivyovunjika njiani. Safari hii niliona dhahiri kwamba Mama mkubwa atakaa sebuleni kwangu akitazamana na mapazia.

Mke wangu, ambaye amezaliwa Riyadh na Unguja anaijua zaidi kwa picha, akaniambia, "Mume wangu, ahirisha. Umra haikimbii."

"Umra haikimbii," nikamwambia, "magoti yake ndiyo yanayokimbia."

Na ndiyo ilikuwa hali. Mama mkubwa alishaanza kusali kwenye kiti. Mwenyewe alisema kwenye simu, "Mwaka huu nina nguvu ya kuja. Mwakani sijui nitakuwa na nguvu ya nini." Nilielewa. Asipoingia Makka safari hii, haingii tena.

Kabla hajasafiri nilimpa maagizo. Mimi ni mtu wa maagizo, mafundi wangu wanajua. "Mama, nisikilize. Tambuu huku hairuhusiwi. Usije nayo mkobani, usije nayo sandukuni, usije ukaifunga kwenye pindo la kanga. Wakikukamata nayo nitaaibika mimi. Mimi huku najulikana. Jina langu limeandikwa kwenye magari."

"Hata moja, mwanangu?"

"Hata popoo."

Ukapita ule upepo wa simu ya mbali. Kisha akasema, "Haya baba. Sitakuharibia jina lako."

Nilitoka Riyadh alfajiri na gari nililoliosha mwenyewe, nikakata jangwa lote lile, nikaingia Jeddah alasiri, nguo zimekunjika lakini moyo umenyooka. Nikasimama pale wanapopokelewa wageni, na chupa ya chai ya tangawizi mkononi.

Yaliyotokea ndani ya ndege nilihadithiwa baadaye na binti wa Kikenya aliyepanda Nairobi na kukaa karibu na Mama mkubwa. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, Mkristo, anarudi kwa mabosi wake Jeddah baada ya likizo. Anasema alimkuta bibi kizee ana kijaluba cha shaba, kile cha kutilia tambuu, mapajani, anatafuna kwa bidii kama mtu aliyepewa kazi ya kumaliza.

"Karibu mwanangu," Mama mkubwa akamwambia.

"Asante shosho, lakini hiyo itanimaliza mimi kwanza."

"Basi nisaidie kwa dua. Zimebaki kidogo na sitaki kuingia nazo."

Amri yangu aliitii kwa namna yake. Nilimkataza mkoba, sanduku na pindo la kanga, mdomo sikuutaja. Alitoka nyumbani na kijaluba kimejaa ili akimalize angani, na ile ya mwisho, kubwa, yenye tumbaku na kila kitu, akaitia shavuni wakati ndege imekaribia mikati. Hapo ndipo mwenye kwenda Umra anatia nia na kuingia katika ihramu, na tangu hapo hata ulimi unafungwa: hakuna matusi, hakuna ubishi, na uongo, ambao siku zote ni haramu, hapo mtu anauogopa mara mbili. Rubani alipotangaza, Mama mkubwa akatema yote kwenye kitambaa cheupe, akasukutua kwa maji, akatia nia. Kijaluba akakiacha kwenye mfuko wa kiti. Alikwisha kuwa msafi, kwa hesabu yake.

Lakini tambuu si peremende. Ukishaitema bado mate yanakuja mekundu kwa muda, na mtu mzima aliyechoka na safari mate hayamwombi ruhusa. Alipofika kwenye foleni ya watu wa afya, yaliteremka pembeni ya mdomo. Akachomoa kile kile kitambaa, akajifuta.

Bibi kizee mwenye tambuu, Unguja, hakuna anayemgeukia. Lakini huyu alikuwa Mwafrika kutoka upande wa habari, midomo myekundu, kitambaa chekundu. Binti wa Kikenya anasema watu waliokuwa wakimsukuma Mama mkubwa ili wapite mbele, ghafla wakampa nafasi ya kucheza ngoma. Kijana wa afya aliyevaa barakoa akaonyesha kitambaa, akauliza, "Hii ni nini?"

Hakuna aliyejua Kiswahili pale isipokuwa binti yule, na Kiarabu chake ni cha jikoni, lakini kinatosha. Akamtafsiria. Mama mkubwa akamfinya mkono, finyo lile la mama zetu linalobaki hadi kesho, akamnong'oneza, "Usiseme. Watamfunga mwanangu."

"Sema wewe basi, shosho. Sema ni kitu kingine."

"Nimo katika ihramu. Nitasemaje uongo?"

Basi hakusema kweli kwa ajili yangu, na hakusema uongo kwa ajili ya Mola wake. Akafunga mdomo. Wakamuuliza kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa mikono. Yeye akainua kidole juu tu, kwa Mola wake. Wakamuuliza binti, naye akasema hajui. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinitazama kana kwamba sina akili. "Mzee, mtu mkubwa akikufinya, unanyamaza. Kwani nyinyi hamkulelewa?"

Wangeweza kumwachia binti aende zake kama angesogea alipoambiwa asogee. Hakusogea. Bibi alikuwa amemshika mkono, na yeye hakuutoa. "Sasa ningemwacha aje? Peke yake, na haelewi mtu?" Wakawachukua wote wawili.

Mimi nje na chupa yangu ya chai. Wageni wakatoka, wakaisha. Nikamwendea askari, nikamweleza mimi ni nani, nina kampuni gani, namjua nani Riyadh. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Hata ungekuwa umejenga uwanja huu, ndugu yangu, kaa nyuma ya kamba." Akaenda kuuliza, akarudi na sura nyingine. Akaniambia mgeni wangu amepelekwa hospitali kwa uangalizi, ana dalili za kutokwa na damu, na ikithibitika mambo ya safari yake yataamuliwa na wakubwa. Alipoona nimeshika kamba kwa mikono miwili, akaniletea kiti. Sikumjua jina askari yule, lakini nikikumbuka kiti kile namwombea.

Hospitali wakaniambia nije asubuhi. Nikaenda mtaa wa Bani Malik kwa sahibu yangu Mpemba. Huyu tulilala chumba kimoja enzi za godoro moja watu wawili, hana cha kunificha. Nikabisha.

"N'nani?"

"Mimi."

"Ushatoka kumpokea mgeni?"

"Yuko hospitali."

Nikasikia komeo linaingia badala ya kutoka. "Yakhe," akasema nyuma ya mlango, "salamu zafika vizuri tu hapo hapo. Washasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mie ni mwenyeji, na nishapona."

"Unanifungia mlango mimi? Mimi niliyekupa shuka langu?"

"Shuka n'talirudisha. Nikutupie dirishani au wataka nikuletee kesho?"

Nikacheka bila kupenda. Akanipitishia mto na maji kwenye dirisha dogo la jikoni, nikalala garini chini ya nyumba yake. Sikumlaumu. Ana watoto wadogo, na mimi mwenyewe, nisiseme uongo, nilikuwa nimeanza kujiuliza. Nilijua tambuu inafanya nini, lakini tambuu si nilimkataza? Mama mkubwa ni mtu wa kutii. Basi ile damu, kama si tambuu, ilikuwa nini?

Asubuhi nikapelekwa kwenye kioo. Upande wa pili Mama mkubwa amekaa kitandani, ushungi wake umenyooka, miguu haifiki chini. Sikuwa nimemwona uso kwa uso miaka mingi, picha za simu zinamnenepesha. Chumba cha pili, kioo cha pili, binti wa Kikenya. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo wa umri, macho tu yanaonekana, na macho yenyewe hayakulala. Akaniambia kwa upole, "Joto lake ni la kawaida. Tumechukua vipimo, majibu bado. Lakini hasemi neno. Hatujui kama hawezi au hataki. Anajua kusema?"

"Huyu? Daktari, huyu anasuluhisha harusi zilizovunjika."

Akanipa simu ya ukutani. Mama mkubwa akainua ya kwake kwa mikono miwili. Nikasema, "Shikamoo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa.

"Mama, wanadhani unatokwa na damu. Ile nyekundu ni nini?"

Akatazama mlango nyuma yangu kuona kama yuko askari.

"Mama, wakidhani hivyo watakurudisha. Makka iko hapo, saa moja tu. Nia umeshatia."

Midomo ikacheza. Ndipo nilipoyaona meno. Wallahi, meno yale mekundu nilizaliwa nikiyaona. Nikasema, "Mama! Ni tambuu!"

Akaweka kidole mdomoni haraka. "Shh! Nikisema hawatakufunga?"

"Nani? Mimi?"

"Si uliniambia? Utaaibika. Jina lako liko kwenye magari."

"Nani atanifunga mimi, Mama? Mimi huku ni mtu mkubwa!"

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Basi, mtu mkubwa," akasema, "mwambie daktari."

Nikamgeukia daktari. Nimeongea na wahandisi, nimeongea na wakandarasi wa majengo, Kiarabu hakijanipotea hata siku moja. Siku ile kilinipotea. Nilikuwa nalia kama mtoto, nikionyesha meno yangu na kutafuna hewa. Binti wa Kikenya akawa anagonga kioo chake na kupiga kelele kwa kile Kiarabu chake cha jikoni: jani, jani, shosho kula jani! Daktari akatuacha tumalize. Kisha akauliza, "Tambul?"

"Tambul!"

Akafumba macho, mabega yakaanza kutikisika, na nyuma ya barakoa nikasikia anacheka. Akasema bibi wa jirani yao, walipokuwa wadogo, alikuwa hivyo hivyo, na watoto wakimkimbia. Nikamuuliza kama kuna kesi, kwa kuwa nilisikia tambuu haiingizwi nchini. Akasema hayo ni ya watu wa forodha, na anavyoona yeye hakuna cha kukamatwa kilichobaki isipokuwa meno.

"Basi anatoka?"

"La. Nakuamini wewe, lakini nasubiri vipimo. Watu wote wa uwanjani wanavisubiri, na mama zao pia."

Wakati ule nilikasirika. Leo namshukuru kwa neno lile kuliko kwa kicheko chake. Angemtoa kwa kuniamini tu, Mama mkubwa angetembea Jeddah nzima watu wakimkimbia, na kila aliyemkimbia angekuwa na haki. Alimzuia kwa adabu. Akamtafutia msala, akamwonyesha kibla kwa mkono wake, akamwekea binti wa Kikenya simu ya ukutani ili bibi awe na wa kuongea naye. Na waliongea! Manesi walisema simu ile haikupumzika. Mama mkubwa alijua mpaka majina ya mbuzi wa mama yake binti yule.

Majibu yakatoka safi. Wote wawili. Daktari akaja mlangoni bila lile joho la plastiki, akamshika Mama mkubwa mkono, mkono kwa mkono, mbele ya watu wote wa idara. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemgusa bila glavu tangu binti yule uwanjani. Akamtilia kiganjani mswaki wa mti, mpya, umefungwa. "Mwambie atafune huu," akaniambia. "Ihramu hauharibu, na hauna rangi."

Mama mkubwa akaunusa. "Hauna ladha pia," akasema. Sikutafsiri.

Mpemba alipopata habari alikuja mwenyewe mpaka hospitali, amebeba sufuria ya wali wa nazi kifuani kama mtoto, na shuka juu yake. "Yakhe, shuka lako," akasema, akamwinamia Mama mkubwa akambusu mkono na kushindwa kuinua uso. Mama mkubwa akampiga kichwani kidogo. "Inuka baba. Hata mimi ningejifungia. Wali una chumvi?"

Tukala sote garini, milango wazi, binti wa Kikenya akiwa katikati.

Yeye tulimpeleka kwanza, kwa kuwa Mama mkubwa alikataa kwenda Makka kabla hajajua mtoto wa watu amepokelewaje. Madamu wake alikuwa amepiga simu akisema asije mpaka apone, na binti alikuwa na hofu kwamba kazi imekwisha. Njiani nilitayarisha maneno. Nilikusudia kumwambia madamu yule mimi ni nani. Tukafika, mlango ukafunguka, wakatoka watoto wawili mbio wakamrukia binti miguuni, na madamu nyuma yao anawavuta kwa nguo, anawagombeza, anacheka, na machozi yanamlenga. Alisoma karatasi ya hospitali pale pale kizingitini, tena akarudia kuisoma. Halafu akasema chumba cha juu kimeshatandikwa; apumzike huko kwanza siku chache, moyo wake utulie, kisha kazi kama kawaida, halas.

Nikafungua mdomo kulipinga hilo, maana niliona ni karantini kwa jina zuri. Binti akanikata. "Mzee, tulia. Hiyo ni likizo ya pili. Nani hupewa hiyo?" Akamkumbatia Mama mkubwa, Kikenya na Kiunguja vikachanganyika, kila mmoja akimwambia mwenzake asilie. Maneno yangu mazuri yote nilirudi nayo.

Makka nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mwenyewe. Vijana wa kusukuma walikuja, nikawafukuza. Mgongo uliobeba viyoyozi ghorofa ya nne hauwezi kushindwa na kikongwe. Alipoiona Kaaba hakulia kama nilivyotarajia. Alishika mkono wangu kwa vidole vile viwili vyekundu na kusema, "Basi ipo kweli." Kisha akaingia kwenye dua, ndefu, midomo inacheza, na nikasikia anamtaja binti wa Kikenya kwa jina lake na jina la mama yake, akamtaja daktari kwa sifa kwa kuwa jina hakulijua, akamtaja askari wa kiti, akamtaja hata Mpemba.

"Na mimi, Mama?"

"Wewe mtu mkubwa," akasema bila kufumbua macho. "Wewe utasubiri."

Riyadh nilimfikisha nikiwa nimejiandaa kwa sebule tupu. Tukakuta viatu mlangoni. Mke wangu alikuwa amesambaza habari ya tambuu, na habari ya kuchekesha inakwenda kasi kuliko ya kutisha. Yule bibi wa bokoboko alikuwa wa kwanza, amekaa karibu na mlango kwa aibu, sahani kubwa mapajani. Alipoinuka kumpa mkono, Mama mkubwa akamvuta akambusu mashavu yote mawili. Wakaanza: nani kazaliwa, nani kafa. Na yule mzee mteja wangu, aliyecheka kutoka mlangoni, alituma tende na kuniomba Mama mkubwa amwombee dua mama yake, kwa sababu dua ya mtu aliyetoka Umra ina nafasi yake. Na mimi nimemsamehe, ingawa kiyoyozi chake nilikitengeneza wiki iliyofuata, si kabla.

Nimejenga vingi kwa mikono yangu. Lakini Umra ile sikuijenga mimi. Waliinyanyua watu wengine kwa pembe zake, kila mmoja pembe yake: aliyekataa kutoa mkono wake, aliyekataa kufungua mlango wa hospitali kabla ya wakati, aliyeleta kiti, aliyeleta sufuria. Mimi nilikuwa dereva. Dereva mzuri, lakini dereva.

Alipokuwepo kwangu Mama mkubwa alitafuna mswaki wa daktari mpaka ukawa kisiki, na meno yakaanza kupata rangi ambayo sijawahi kuiona kinywani mwake. Nikadhani ameacha. Alipokwisha kurudi nyumbani nikampigia kumpa habari: nimepata kazi ya jengo jingine, kubwa kuliko la kwanza, Malaz hapa hapa, vifaa vyote kupitia kwangu.

Nikasikia anatafuna. Kisha kikapita kimya, na mlio wa tasa.

"Amin, mwanangu," akasema kwa sauti safi. "Mwenyezi Mungu akuzidishie."